Mwanafunzi wa cherehani akiharibu kitambaa

Ofisi yangu ipo Morogoro, chumba kimoja: cherehani tatu za kukanyaga, moja ya umeme, meza ya kukatia na benchi la wateja. Nafundisha mabinti kushona. Mwanzoni nilikuwa mkali, na ukali huo ulinigharimu satini.

Binti alikata mikono ya gauni, yote miwili ikawa ya kulia. Kingekuwa kitenge ningegeuza tu, maana rangi hutokea pande zote. Satini ina uso na mgongo. Alikificha kitambaa nyuma ya gunia la vipande, akanyamaza. Mwenye gauni akaja Ijumaa, sendofu Jumamosi. Nikanunua satini kwa hela yangu, nikashona mpaka saa nane usiku. Kilichoniuma ni kwamba aliharibu Jumatatu. Jumatatu tulikuwa na siku nne! Aliniogopa mimi kuliko alivyomwogopa mteja.

Kwa hiyo kama una wanafunzi, anza kwa kulifanya kosa liwe rahisi mfukoni. Wiki ya kwanza cherehani haina uzi. Mpe karatasi ya daftari, sindano ifuate mistari mpaka mguu na mkono vielewane. Kukata aanzie kwenye mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri. Halafu vipande vya vitenge vinavyobaki: foronya, aproni, nguo ya mwanasesere. Kitambaa cha mteja kije baadaye, na mara ya kwanza simama naye mezani, mkasi aushike yeye. Ukimnyang'anya mkasi kila akisita, utakata wewe mpaka uzeeke.

Sheria ya ofisini ni moja: ukiharibu, niambie leo. Lakini sheria hiyo inakubana wewe zaidi. Neno la kwanza litakalokutoka akikuletea kosa ndilo wenzake wote watakalolikumbuka. Mimi husema, "Lete tuone." Hata kama tumbo linachemka. Na mshono wangu ukipinda naufumua kwa wembe mbele yao, sijifichi.

Mteja akilalamika, usimwonyeshe nani kashona. Nguo imeharibiwa na ofisi. Akisifia, hapo mtaje: "Hiyo kola kaikalisha huyu hapa dirishani." Utaona mgongo wa binti unavyonyooka.

Chakula cha mchana usikipuuze. Mwenye njaa hushona pindo kama njia ya ng'ombe.

Penye mtego ni Desemba na Januari, msimu wa sare. Kazi ni nyingi, unamweka mwanafunzi kwenye pindo na vifungo tu kwa sababu huko hakosei. Miezi miwili ikiisha anajua pindo na vifungo tu. Mimi humwachia sketi moja ya marinda kila Jumamosi, aanze na futi, amalizie na pasi. Inachelewa, ndiyo. Mafundi tumeshazoea kusema "njoo kesho", hii moja haitatuua.

Akiiva, mwambie kuhusu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunzia kazini hupimwa anachokijua na akifaulu hupewa cheti. Wengine hawapendi kuwaambia mabinti, wanahofia wataondoka na wateja. Kweli, huondoka. Mmoja kafungua ofisi ng'ambo ya barabara na mteja wangu wa miaka mingi yuko kwake. Sitasema uongo, iliniuma. Ila umeme ukinikatikia na sare zinasubiri, yeye ana cherehani ya akiba ya kukanyaga, na huileta mwenyewe.

Wiki iliyopita aliyeanza Machi alinijia na suruali mkononi. "Mama, zipu nimeiweka kinyume." Ilikuwa saa tatu asubuhi. Chai ya saa nne ilitukuta tumeshafumua, tumeshashona, suruali iko kwenye pasi.