Jinsi ya kupiga blues na gita ya boksi kama umelelewa na benga

Ukikulia Kisumu masikio yashazoea benga, vidole vinataka kukimbia tu, na hapo ndio blues, ule muziki wa Wamarekani weusi, husumbua watu. Punguza spidi bana. Tuni gita kawaida, ushike chord (noti kadhaa zikilia pamoja) za E, A na B7, hizo tatu zitakutosha kwa muda mrefu sana. Mzunguko ni hesabu 12, kila hesabu mapigo manne: E mara 4, A mara 2, urudi E mara 2, halafu B7 moja, A moja, E mara 2, unaanza tena. Mguu ugonge chini wakati wote.

Kuimba ni rahisi, mstari wa kwanza unautoa, unaurudia, wa tatu unajibu. Dholuo inaingia poa, shida ya renti inaimbika lugha yoyote.

Sasa utamu wenyewe uko kwa kuvuta waya. Shika waya wa pili, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, usukume juu na kidole polepole mpaka sauti ilie, na usiachilie haraka, B.B. King, yule mpiga gita wa blues, alikuwa anatoa noti moja tu na unamjua ni yeye. Vidole vitauma wiki za kwanza, zoea.

Ya kusikiza: anza na Robert Johnson, alirekodi 1936 na 1937, sauti na gita tu, halafu Muddy Waters, huyo alitoka mashamba ya pamba Mississippi akahamia Chicago 1943 na huko akashika gita ya umeme. Mimi bado naonaga ya boksi ni tamu zaidi, lakini majirani wataamua.