Fuso au Canter inapiga stata lakini haiwaki: anza hapa kabla hujafungua pampu

Swali hili linarudi kila mara na jibu ni lile lile, naliandika mara moja. Nazungumzia injini zenye pampu ya dizeli ya kawaida, kama 4D33 ya Canter na 6D16 ya Fuso. Za komoni reli, yaani zinazogawa dizeli kutoka bomba moja la pamoja, zina presha kubwa mno, usilegeze paipu zake.

1. Chungulia tenki. Geji hudanganya.

2. Stata ikizunguka kivivu, chaji betri kwanza.

3. Nyanyua kichwa cha gari (kebini), mwenzako awashe swichi, wewe tazama mkono wa kuzimia ubavuni mwa pampu. Ukiwa umenasa upande wa kuzima, dizeli haipiti.

4. Tazama ekzosi stata inapopigwa. Hakuna moshi: dizeli haifiki. Moshi mweupe: inafika ila haiungui, kwa kawaida tatizo si upepo (hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli).

5. Mwaga maji yaliyotuama chini ya filta. Filta ikiwa nyeusi, badilisha.

6. Toa upepo. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe, kaza huku bado unapiga. Rudia kwenye skrubu ya pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Kisha legeza nati za paipu kwenye nozeli, piga stata sekunde 10 hadi 15, ipumzishe dakika moja, rudia mpaka dizeli itoke, kaza. USIWEKE KIDOLE mbele ya dizeli inayoruka. Hupenya ngozi, na hata tundu likiwa dogo kama la sindano ni hospitali muda huo huo.

Ikiwaka halafu ikazima baada ya muda mfupi, usikimbilie kutoa upepo tena. Tafuta unapoingilia. Kutoka tenki hadi pampu ndogo, ile inayolisha pampu kubwa, dizeli inavutwa, kwa hiyo mpira uliopasuka unavuta hewa ndani bila kudondosha hata tone. Chomoa mpira wa tenki kwenye pampu ndogo, unganisha mpira mpya ulioingia kwenye dumu la dizeli safi, toa upepo, washa. Ikitulia, kosa liko nyuma: mpira, klipu au washa ya shaba (pete ya kuziba kwenye kiungo). Isipotulia, kagua pampu ndogo na filta.

MASWALI

— Mkuu, yangu haiwaki, nifanyeje?
Hatua ya 4. Moshi upo au haupo? Njoo na jibu hilo kwanza.

— Fundi anasema pampu imekufa, tuishushe.
Jana ilivuta mzigo vizuri? Basi mwambie afanye jaribio la dumu kabla hajashika spana. Pampu hizi kwa kawaida huchoka polepole, gari inakosa nguvu mlimani kwanza.

— Mbona utingo wangu anamwagia petroli kwenye njia ya hewa na inawaka? Kuna ubaya gani?
Ubaya upo. Petroli inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Inaweza kupasua pistoni na kukunja konrodi, chuma kinachoshika pistoni. Ni injini yako.

— Kaka, niko Njombe. Alfajiri ya Julai inatoa moshi mweupe mzito, mchana inawaka ikiguswa tu. Kwa nini?
Swali zuri sana. Dizeli haiwashwi na cheche, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa. Kwenye baridi ile chuma kinanyonya joto hilo, na oili nzito inapunguza mzunguko wa stata. Anza na betri, kisha plagi za joto kama injini yako inazo, kisha valvu. Halafu fungua mfuniko wa oili injini ikinguruma. Ikihema kwa nguvu pale, ringi za pistoni zimechoka. Na jaza tenki jioni, maana tenki tupu usiku linatoa jasho ndani na maji yanaingia kwenye dizeli.

— Hizo washa za shaba huku hazipatikani. Naweza kurudishia za zamani?
Mpya ni bora. Ukikosa, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, isugue kwa msasa laini. Shaba iliyopita motoni inalainika na inakaa vizuri tena.