Namna ya kuchora wasiwasi ubaoni

Walimu wenzangu wa Biolojia, mkifika kwenye neva na kidato cha sita, msiishie kwenye adrenalini na mapigo ya moyo. Darasani yupo anayeamka na hofu kila siku, naye ana haki ya kujua kinachoendelea kwenye seli zake. Mimi hutumia chaki za rangi tatu.

Chora duara tano zilizoshikana, uache tundu katikati: beta, alfa, beta, alfa, kisha gama ifunge mzunguko. Hizo ni protini za kipokezi cha GABA-A, mlango wa seli unaoitikia GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva, kama kilivyo mara nyingi ubongoni. GABA ikikaa kwenye mipaka miwili ya beta na alfa, tundu hufunguka, ayoni za kloraidi huingia, ndani ya seli huzidi kuwa hasi, na seli inakuwa nzito kurusha ishara. Amigdala, sehemu inayowasha hofu, hutulizwa hivyo.

Sasa weka diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kwenye mpaka wa alfa na gama. Simama hapa, maana wengi huandika kwamba dawa ndiyo inayofungua tundu. Sivyo. Inaifanya GABA ishike vizuri zaidi, basi tundu hufunguka mara nyingi zaidi. GABA isipokuwepo, dawa haina la kufanya. Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963, na mahali inaposhika pakatambuliwa 1977.

Kisha wape kisa cha panya wa Zurich, Uswisi, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Alfa zina aina kadhaa, na watafiti walibadili asidi amino moja tu ya alfa, ya 101, histidini ikawa arginini. Ilipobadilishwa kwenye alfa-1, diazepamu haikuwalegeza panya kwa usingizi kama kawaida, ila wasiwasi ulipungua. Ilipobadilishwa kwenye alfa-2, wasiwasi haukupungua. Waulize wanafunzi: je, kutulia na kusinzia ni kitu kimoja? Waache wabishane.

Msifute ubao kabla ya kusema mawili. Pombe nayo huongeza nguvu ya GABA, na ikichanganywa na vidonge hivi inaweza kuzima pumzi. Tena, aliyevizoea akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Daktari humpunguzia dozi kidogo kidogo.

Mwanafunzi akikufuata baada ya kipindi kuuliza habari za vidonge vya nyumbani kwao, msikilize pembeni, mbali na wenzake, halafu msindikize kwa muuguzi wa shule siku hiyohiyo.