Keki ya Chokoleti ya Wageni kwa Jiko la Mkaa, Hapa Hapa Mwanza

Mapishi mengi ya keki ya chokoleti yanayozunguka kwenye simu zetu yalijaribiwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mwanza hatuko huko. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na aliyejenga kwenye kilima cha Bugando yuko juu zaidi. Kwa urefu huu hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi inayoumua keki hutanuka kwa nguvu zaidi. Keki inapanda upesi, ukiichungulia inapendeza kweli, halafu kabla unga na mayai hayajashikana inabonyea katikati. Kina dada wanaokuja kwangu kujifunza wanakuwa wameshayalaumu mayai, wameulaumu unga, wameulaumu na mkaa. Mara nyingi tatizo ni kijiko cha beking poda kilichopimwa kwa ajili ya Dar es Salaam.

Kipimo ninachokupa hapa nimekipunguzia vitu vya kuumulia na sukari, nikakiongezea unga kidogo. Sukari nimeigusa kwa sababu ikizidi inachelewesha keki kushika, na huku kwetu ucheleweshaji huo ndio unaoiangusha.

Vipimo (wageni 12 hadi 15)

- Unga wa ngano gramu 270, yaani vikombe 2 na vijiko 2 vya chakula
- Sukari gramu 300, kikombe 1 na nusu
- Kakao ya unga gramu 65, robo tatu ya kikombe
- Beking poda kijiko 1 cha chai
- Beking soda kijiko 1 cha chai
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Mayai 2 makubwa. Ya kienyeji weka 3
- Mtindi mililita 250
- Mafuta ya alizeti mililita 125, nusu kikombe
- Kahawa nyeusi ya moto mililita 250
- Vanila vijiko 2 vya chai

Kikombe ni cha mililita 250. Kama huna cha kupimia, chukua kikombe kimoja cha chai cha ukubwa huo na ukitumie hicho hicho mwanzo hadi mwisho. Vijiko vya soda na beking poda visiwe na kilima: pitisha mgongo wa kisu juu, kinachozidi kirudi kwenye kopo.

Sasa kakao. Dukani kuna makopo mawili yanayofanana, na moja ni la kinywaji cha watoto. Soma nyuma ya kopo: kama kitu cha kwanza kilichoandikwa ni sukari, hicho ni kinywaji, rudisha. Unataka kakao tupu, chungu, isiyo na kitu kingine. Nchini mwetu kakao inalimwa sana Kyela, mkoani Mbeya, na ukipata mtu anayeuza unga wa kakao ya huko uliosagwa laini, nunua bila kusita. Ukishaifikisha nyumbani usiiweke kabati moja na dagaa. Nasema hivi kwa uzito wote. Kakao ina mafuta, na mafuta hunasa harufu. Nyumba zetu za ukanda huu hazikosi dagaa wala sato wa kukausha, na mgeni ataitambua harufu hiyo kabla hajameza. Funga kakao kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza. Sufuria ya kuokea nayo isiwe ile ya kukaangia sangara, hata kama imesuguliwa ikang'aa.

Kahawa haiifanyi keki iwe na ladha ya kahawa. Inaikoleza chokoleti tu, na majirani zetu wa Bukoba wametupa ya kutosha: kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya kuyeyuka, kama Africafe, kwenye kikombe cha maji yaliyochemka kinatosha kabisa. Kama kuna wageni wasiotumia kahawa, weka maji ya moto matupu na keki itatoka vizuri.

Mtindi una kazi mbili, kulainisha na kuiamsha soda kwa uchachu wake. Ukikosa mtindi, tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu kwenye kikombe cha maziwa, acha dakika 10 yagande kidogo. Mafuta ya alizeti unaweza kuyabadilisha na ya pamba yaliyosafishwa. Mawese hapana, na mafuta yaliyokwisha kukaangia pia hapana. Siagi nimeiacha makusudi. Keki ya mafuta haihitaji kupigwa kwa muda mrefu wala mashine, na kesho yake bado ni laini.

Hatua ya 1: Jiko kwanza, unga baadaye

Soda ikishakutana na mtindi inaanza kazi palepale, haikusubiri wewe uwashe mkaa. Kwa hiyo moto uwe tayari kabla hujachanganya chochote.

Chukua sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa wa bati au alumini. Chombo cha keki, cha upana wa sentimita 25 hivi, kikikaa ndani ibaki nafasi ya vidole viwili kuzunguka pande zote ili joto lipite. Ndani ya sufuria, chini kabisa, mwaga mchanga wa unene wa vidole viwili. Mchanga wa ziwani unafaa, ila chagua ule wa chembe kubwa, uoshe hadi maji yatoke safi, uanike, kisha uukaange mtupu hadi ukauke kabisa. Ukishautengeneza mara moja, utunze kwenye ndoo. Unatumika tena na tena. Juu ya mchanga weka kigae au duara la bati la kuinua chombo. Mawe tunayo tele mjini kwetu, lakini jiwe lililonyonya maji linaweza kupasuka kwenye moto. Liache.

Washa mkaa, subiri hadi makaa yote yashike na kuvaa majivu meupe. Gawa mafungu matatu: fungu moja libaki jikoni, mafungu mawili yapande juu ya mfuniko. Hapa ndipo keki nyingi zinaungulia. Watu wamezoea kupika kwa moto wa chini, lakini kuoka ni kupalia. Joto la juu ndilo linaloivisha keki bila kuichoma kitako.

Acha sufuria ipate moto dakika 15. Kisha weka kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati, kiingize ndani, funika, hesabu dakika 5. Unga ukigeuka rangi ya dhahabu hafifu, moto ni sahihi. Ukiwa kahawia iliyokolea, punguza makaa ya chini. Ukibaki mweupe, ongeza ya juu.

Pika nje au sehemu yenye hewa inayopita. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, usiutumie kamwe kwenye chumba kilichofungwa. Ila jikinge na upepo wa mchana unaotoka ziwani. Ukipuliza moja kwa moja kwenye jiko, makaa yanawaka kwa kasi na yanakwisha katikati ya kazi. Upande wa pili wa nyumba panatosha. Au oka asubuhi kabla upepo haujaamka, mimi ndivyo nipendavyo.

Mwenye oveni aweke nyuzi 180 na aruke maelezo haya. Mwenye gesi atumie sufuria hiyo hiyo yenye mchanga na moto mdogo kabisa; keki itaiva ila juu haitapata rangi sana, na kwa kuwa utaimwagia chokoleti hakuna atakayejua.

Hatua ya 2: Kuchanganya

Paka chombo mafuta, kata karatasi ya kuokea ikae chini, nyunyiza kakao kidogo pembeni badala ya unga ili keki isitoke na madoa meupe.

Chekecha pamoja unga, kakao, soda, beking poda na chumvi. Usiruke kuchekecha, kakao ina madonge magumu na donge moja la soda likiingia mdomoni mwa mgeni atalikumbuka. Tia sukari, changanya.

Bakuli la pili: mayai, mtindi, mafuta, vanila. Piga kwa uma hadi viwe kitu kimoja. Mimina kwenye unga, koroga kwa mwiko hadi usione unga mkavu, halafu acha. Ukiendelea kukoroga unga wa ngano unavutika na keki inakuwa ngumu.

Mwisho mimina kahawa ya moto kidogo kidogo huku unakoroga. Joto lake ndilo linaloifungua kakao, rangi inakolea na harufu inapanda. Rojo litakuwa jepesi kuliko ulivyozoea, karibu na uji wa mgonjwa. Usiogope, na tafadhali usiongeze unga.

Hatua ya 3: Kuoka

Mimina rojo, lisivuke nusu ya chombo. Gonga chombo mezani mara mbili, kiingize, funika, rudisha makaa juu.

Usifunue kabla ya dakika 30. Kila ukifunua, baridi inaingia na keki ambayo bado haijashika inashuka. Harufu ya chokoleti ikianza kujaa uani, ndipo uangalie. Choma kijiti kisafi katikati: kikitoka na rojo, funika dakika 7 zaidi, kikitoka na chembechembe chache zenye unyevu, toa. Usingoje kijiti kikauke kabisa, maana keki inaendelea kuiva kwa joto lake. Kwa mkaa huchukua dakika 40 hadi 50, oveni 35 hadi 45. Umeme ukikatika ukiwa na oveni, usifungue mlango. Joto lililomo linaweza kuifikisha mbali, au hata kuimaliza kama ilibaki kidogo.

Iache ndani ya chombo dakika 15, kisha igeuzie kwenye ungo uliotandikwa kitambaa safi. Ungo unapitisha hewa chini, kwa hiyo kitako hakitoi jasho.

Hatua ya 4: Chokoleti ya juu

Krimu ya dukani ni ghali na huharibika haraka. Mimi natumia malai. Chemsha lita 2 za maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta, yaache yapoe usiku kucha mahali pa baridi bila kuyatikisa, asubuhi engua utando mzito wa juu.

Sufuriani weka sukari gramu 100, kakao gramu 30 iliyochekechwa, maziwa mililita 100 na malai vijiko 3 vya chakula. Koroga kwa moto mdogo hadi ichemke na iushike mgongo wa kijiko, dakika 5 hadi 7. Epua, tia siagi gramu 40 na chembe ya chumvi. Ngoja iwe vuguvugu, kisha mwagia keki iliyopoa kabisa. Keki ya moto itainywa yote na juu patabaki pakavu.

Maliza kazi hii kabla ya giza. Vile vijidudu vya ziwani vinavyotanda kwa wingi na kufuata taa vikiingia, vinatua kwenye chokoleti mbichi na huwezi kuvitoa. Funika keki kwa sufuria iliyogeuzwa, na kama nyumba ina sisimizi weka sahani yake juu ya bakuli lililosimama kwenye trei ya maji.

Siku ya wageni

Keki hii iokwe siku moja kabla. Ikilala, unyevu unasambaa na ladha inatulia. Tena tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wageni wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko. Anayesema atafika mchana anaweza kukugongea hodi saa nne asubuhi, na vizuri akute birika liko jikoni na keki iko tayari.

Kata kwa kisu kirefu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa, ukikifuta kila baada ya kipande. Wazee wapewe kwanza, vipande vidogo, na chai isiyo na sukari kwa sababu utamu upo wa kutosha sahanini. Mgeni anayerudi Ukerewe na kivuko mfungie vipande vya pembeni visivyo na chokoleti nyingi, kwenye kopo la plastiki lenye karatasi chini. Havivunjiki njiani.