Namna ya Kuandika Wasifu wa Jaji Mstaafu

Wasifu unaosomwa katika hafla za kuwaaga majaji hapa Nairobi mara nyingi husifu uadilifu na unyenyekevu bila kutaja hata kesi moja, na msikilizaji huondoka asijue jaji huyo aliamua nini miaka yote hiyo.

Kwa hiyo, anza na hukumu zake. Maamuzi mengi ya Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu yanapatikana bure katika tovuti ya Kenya Law. Soma matatu au manne kikamilifu, uchunguze kama yalitenguliwa kwenye rufaa, kisha utafute hasa yale ambamo alitofautiana na wenzake, kwa kuwa hapo fikra zake hazifunikwi na makubaliano ya benchi. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne waliafikiana, ilhali Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u walipinga. Anayemwandika Jaji Ojwang akaishia kusema tu kwamba alihudumu katika mahakama hiyo atakuwa ameacha jambo zito nje.

Tarehe za kuteuliwa zihakiki katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ya kustaafu usiikisie kwa kuhesabu umri. Katiba ya 2010 inamtaka jaji astaafu akifikisha miaka 70, au kwa hiari yake kuanzia 65, lakini kabla ya hapo kikomo kilikuwa 74, na mabadiliko hayo yalizua mvutano mahakamani hadi 2016.

Yapo pia majukumu ya nje ya mahakama. Philip Waki alikuwa Jaji wa Rufaa alipoongoza tume iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Ripoti yake ilitolewa Oktoba 2008, na bahasha ya majina ya washukiwa akakabidhiwa Kofi Annan, aliyekuwa mpatanishi wa mgogoro huo. Kazi ya namna hiyo inastahili aya yake yenyewe, si kuorodheshwa pamoja na vyeti na nishani.

Ukienda kumhoji, mwite Mheshimiwa Jaji ingawa amestaafu, wala usimshurutishe atoe maoni kuhusu kesi zilizo mbele ya majaji wengine. Muulize vituo alivyopangiwa alipokuwa hakimu, kama alipitia huko, na jinsi alivyokuwa akiandika ushahidi kwa mkono huku shahidi akizungumza. Swali hilo, ambalo wengi hulidharau, hufungua kumbukumbu kuliko lile la siri ya mafanikio. Zungumza vilevile na karani au mkalimani aliyeketi naye mahakamani, kwani hao walimwona alivyomsikiliza mlalamikaji asiye na wakili.

Rasimu ikikamilika, mpe asahihishe majina na tarehe. Tathmini ya hukumu zake ibaki yako.