SOMO: Bustani ya mboga nyumbani kwa sisi wa Dar na Pwani, masika mpaka kiangazi

Wakuu habari zenu. Kila mwaka mwezi wa tatu mvua ikigonga tu watu wanakimbilia dukani kununua mbegu za nyanya, mwezi wa tano wanalalamika wameuziwa mbegu feki. Mara nyingi mbegu haina kosa. Huku Pwani mboga inafuata mvua na joto la usiku, na kitu watu wanachodharau kabisa ni umbo la tuta, maana tuta la masika ukilitumia kiangazi utamwagilia mpaka mgongo uume, na la kiangazi ukiliacha mpaka masika umefuga vyura.

Hatua ya 1: Tuta la masika. Anza Februari mwishoni udongo ukiwa bado mkavu. Upana mita 1 inatosha, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani, urefu utakavyo. Nyanyua udongo sentimita 20 hadi 25, njia za pembeni zielekee kule maji yanakokimbilia na sio kwa jirani, hilo limeshagombanisha watu.

Hatua ya 2: Samadi. Ya ng'ombe au mbuzi iliyooza haina shida. Ya kuku ndio watu wanaunguzia miche, inatolewa bandani leo inatupwa kwenye tuta leo leo! Irundike, iloweshe kidogo, funika na turubai, geuza kila baada ya wiki moja au mbili mpaka ukiingiza mkono katikati hakuna joto na ile harufu ya kuchoma pua imeisha. Hapo changanya na udongo wa juu.

Hatua ya 3: Masika panda majani. Matembele, mchicha, kunde za majani, kisamvu. Matembele kata vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, fukia vifundo viwili, basi umemaliza. Mchicha mbegu zake ni ndogo sana, changanya na mchanga mkavu ndio usie kwenye mistari, funika kidogo tu, na weka nyasi kavu juu ili mvua isizisombe, zikichipua toa zile nyasi. Wiki 3 mpaka 4 unang'oa. Usisie tuta zima siku moja, gawa, kila wiki kipande, la sivyo utakula mchicha asubuhi na jioni alafu mwezi mzima huna.

Hatua ya 4: Nyanya subiri kipupwe. Hapa ndio pa kuelewa. Masika majani ya nyanya yanashinda yamelowa kwahiyo ukungu unatembea bustani nzima kwa siku chache, utapiga dawa, mvua inaosha, unapiga tena. Januari na Februari nako usiku ni joto, jua limezama ila bado unajipepea, nyanya ikikutana na usiku wa hivyo inatoa maua vizuri tu alafu yanadondoka bila kushika tunda. Kilichobaki ni Juni hadi Agosti, usiku Dar unashuka hadi nyuzi joto 19 hivi na mvua ni chache. Kwahiyo sia kitalu mwezi wa tano chini ya kinga ya makuti au nailoni, wiki ya nne hamishia shambani, jioni, mche na mche sentimita 50 hadi 60. Simika miti mapema, toa vichipukizi vya kwapani na majani yanayogusa chini. Mwagilia shinani, majani yaache makavu. Hoho nazo ratiba ni hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Vuli na kiangazi. Vuli ikianza, Oktoba au Novemba, rudia majani na ongeza bamia na bilinganya, hizi joto halizitishi. Mvua zikikata geuza tuta, sasa linazama sentimita 10 hivi na kingo pembeni ili maji yabaki, tandaza nyasi kavu, mwagilia alfajiri au jioni. Maji mengi mara moja yanashuka kwenye mizizi kuliko kunyunyiza kidogo kila saa. Kagua mgongo wa majani, ukiona vumbi jekundu linalotembea na utando mwembamba huo ni utitiri, anza kwa kuosha majani na maji ya kasi asubuhi.

Na utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa muwe mnausoma jamani, unatoka kabla ya vuli na kabla ya masika, ni bure.

MASWALI

Mkuu mimi niko Kigamboni, kisima changu maji ya chumvi, bustani itakubali?
Itakubali ila chagua mboga. Maharage sahau kabisa. Spinachi inavumilia. Usimwagie juu ya majani, na masika iache mvua ioshe udongo.

Shikamoo mwalimu. Nyanya zangu zinanyauka ghafla zikiwa kijani, maji naweka, tatizo nini?
Marahaba. Kata kipande cha shina karibu na chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Ng'oa, choma, na hapo usirudishe nyanya, hoho, bilinganya wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Weka mahindi.

Sisi wa Njombe je?
Ratiba hii haiwafai ndugu yangu. Nyinyi mvua moja, Novemba hadi Aprili, na Juni na Julai jalidi (umande unaoganda usiku) inaunguza nyanya. Kipindi hicho lima kabichi na figiri kwa kumwagilia.

Niko Muscat, nina ndoo tu kwenye roshani, inawezekana?
Inawezekana sana, ila huko anza Oktoba mpaka Machi. Toboa ndoo chini, mchicha na hoho zitakubali.

Bamia zangu ngumu kama mti, ni mbegu?
Unachelewa kuchuma dada. Zikianza kuzaa pita kila baada ya siku mbili, zikiwa na urefu wa kidole, na zile zilizokomaa zitoe pia maana zikibaki mti unapunguza kuzaa.