Stroberi haingoji: tafuta masoko mawili kabla ya kuongeza matuta

Mahindi utayaweka ghalani hadi bei ipande, na viazi vitavumilia wiki kadhaa. Stroberi iliyochumwa leo, kama huna jokofu, keshokutwa inatoa maji. Machi 2020, ndege za abiria ziliposimamishwa Kenya na hoteli kufunga milango, mkulima mmoja wa Limuru alinionyesha kreti zilizojaa matunda mekundu, safi kabisa. Mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, na hakupokea simu tena.

Tangu hapo, anayetaka kupanua shamba namuuliza kwanza: mnunuzi wako akinyamaza kesho, matunda yataenda wapi? Kama huna jibu, baki na matuta uliyonayo. Zungumza mapema na mama wa juisi, waoka keki wa mjini na majirani. Na jifunze kupika jemu, kwa kuwa hata tunda dogo au lililopinda linafaa. Kwa kilo moja ya matunda weka sukari inayokaribia kilo na maji ya ndimu, kisha chemsha ukikoroga. Dondosha kidogo kwenye sahani baridi, usukume kwa kidole: ikijikunja, imeiva. Pakia ikiwa moto kwenye chupa zilizochemshwa.

Pesa zikiwa haba, usikimbilie kununua miche. Mstroberi hutoa vitawi vinavyotambaa na kuota mizizi. Chukua kwenye mimea yenye afya pekee, vingine ukate visinyonye nguvu ya matunda. Tandaza nyasi kavu ili unyevu udumu na tunda lisiguse udongo.

Pita shambani kila siku, hata dakika kumi. Geuza majani: ukiona utando mwembamba na vidoadoa vinavyotembea, huo ni utitiri, nao hupenda kiangazi. Mvua zikizidi, tunda huota ukungu wa kijivu. Litoe shambani kabisa, usilitupe kwenye mfereji. Ukilazimika kupuliza dawa, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko. Tunda hili halimenywi, na mara nyingi anayelila ni mtoto.

Chuma asubuhi umande ukikauka, pamoja na kikonyo chake, bila kuosha. Liweke moja kwa moja kwenye kibakuli litakamouzwa, maana kila mkono unaolishika unalichubua.